Fundi amesema ni sili ya nyuma. Nifungue mwenyewe?

Swali: Shikamoo fundi. Gari langu ni la petroli, injini ya silinda nne, gia za mkono, limetembea kilomita 168,000. Ni miezi mitatu sasa kila asubuhi nakuta matone ya oili chini. Fundi mmoja aliingia uvunguni kama dakika tano, akatoka akasema ni oili sili ya nyuma ya krenki, yaani raba inayozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea upande wa giaboksi, hivyo giaboksi lazima ishuke. Mimi nina seti ya boksi na ringi spana, jeki iliyokuja na gari, na wikendi zangu ziko huru. Nimetazama video kadhaa, naona inawezekana. Nifungue mwenyewe au nimwachie fundi?

Jibu: Marahaba. Umeniuliza nani afungue, lakini hatujajua bado kinachofunguliwa ni nini. Fundi aliyekaa uvunguni dakika tano ameona mahali oili inapodondokea. Mahali inapoanzia ni habari nyingine kabisa, na ukizichanganya hizo mbili unaweza kushusha giaboksi nzima, ukabadilisha sili nzima isiyo na kosa, ukapandisha kila kitu, na asubuhi ya Jumatatu ukakuta matone yako yanakusubiri palepale.

Simlaumu mwenzangu. Maungio ya injini na giaboksi ni kama mtaro wa nyumba: maji yote ya paa yanapita hapo. Oili inashuka kwa uzito wake, na gari likiwa mbioni upepo wa uvunguni unaisukuma nyuma. Gasketi (kizibio kinachokaa kati ya sehemu mbili) ya kifuniko cha valvu, kile tunachokiita tapeti kava, ikiachia kwenye kona ya nyuma, oili inatambaa mgongoni mwa silinda hedi (sehemu ya juu ya injini), inashuka ubavuni mwa bloku (mwili wa injini) mahali ambapo macho hayafiki, inakusanyika kwenye yale maungio, inaning'inia, inadondoka. Ukiangalia kutoka chini huwezi kuitofautisha na sili ya nyuma. Swichi ya presha ya oili ikivuja kwa nyuma, picha ni ileile. Isitoshe, giaboksi yako nayo ina sili yake upande huohuo, pale shafti inapoingia kwenye klachi. Hiyo ikivuja, kinachodondoka si oili ya injini hata kidogo.

Kwa hiyo anza na kujua ni majimaji gani. Tandika kadibodi safi chini ya gari usiku kucha, halafu weka alama ilipo tairi ya mbele kushoto ili ujue tone limetoka upande gani. Oili ya injini ni ya kahawia hadi nyeusi, na ukiipaka kwenye karatasi nyeupe karibu na ile iliyo kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, utaona ni ndugu. Oili ya giaboksi ya mkono mara nyingi ni nzito zaidi na ina harufu kali ya salfa, harufu ambayo ukiinusa mara moja huisahau. Maji matupu yanayodondoka siku uliyowasha kiyoyozi hayana shida. Kitu chepesi, cha manjano hafifu, kinachoteleza sana vidoleni na kinachotoka karibu na gurudumu, huenda ni mafuta ya breki. Hapo habari ya oili iache kabisa, na gari lisisogee mpaka breki zitazamwe.

Tuseme ni oili ya injini. Sasa osha. Najua kila mtu anaruka hatua hii kwa sababu haina raha ya kufungua kitu, lakini hapa ndipo jibu lako lilipo. Injini iwe imepoa. Funika oltaneta, betri na soketi za waya kwa mifuko ya plastiki, nyunyiza dawa ya kuondoa grisi, iache ifanye kazi yake, sugua kwa brashi, kisha suuza kwa maji ya taratibu. Mashine ya maji ya presha kubwa usiipeleke kwenye injini, itaingiza maji kwenye soketi na utapata ugonjwa wa pili. Anza juu kabisa kwenye tapeti kava ushuke hadi sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na usisahau mgongo wa injini, upande ule unaokutana na ukuta wa kabini. Ikikauka, endesha kilomita 10 hivi, rudi, chukua tochi na kioo kidogo cha mkononi, ukatafute mahali pa juu kabisa penye unyevu mpya. Palipo juu zaidi na mbele zaidi ndipo pa kushukiwa. Kila kilicho chini yake huenda kimelowa kwa kurithi tu.

Kama huoni kitu, endesha siku mbili utazame tena. Uvujaji mdogo unahitaji muda. Njia ya kizamani ambayo bado naitumia ni poda, hata ya mtoto: unapuliza kiasi juu ya sehemu iliyosafishwa na kukauka, na oili ikitoka inaichora mstari wa giza ambao mtoto anaweza kuufuata kwa kidole. Kuna pia rangi maalumu inayotiwa ndani ya oili, unazungusha injini, halafu unamulika kwa tochi ya mwanga wa zambarau. Njia ya oili inang'aa kuanzia chimbuko lake. Kwa injini iliyobanana mahali mkono hauingii, rangi hiyo inaokoa siku nzima.

Kabla ya kuilaumu gasketi yoyote, angalia kama injini inapumua. Gesi kidogo hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kuingia kwenye chumba cha krenki, na kuna valvu ndogo ya kupumulia inayozirudisha kwenye njia ya hewa zikachomwe. Valvu hiyo ikiziba masizi, presha inajaa ndani na kutafuta tundu dhaifu. Sili na gasketi zinaanza kutoa jasho, mtu anabadilisha moja, presha inahamia kwa nyingine. Nimeona gari lililobadilishwa gasketi tatu ndani ya mwaka mmoja wakati mgonjwa alikuwa ni kijivalvu kinachoenea kwenye kiganja. Kupima ni rahisi: injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa, fungua kifuniko cha kujazia oili na uweke juu ya tundu kipande cha karatasi ngumu. Kikivutwa kidogo au kikatulia, ni vyema. Kikirushwa kama kuna mtu anapuliza ndani, valvu imeziba, au ringi zimechoka na injini inahitaji mazungumzo marefu zaidi. Usishtuke ikiwa mngurumo utabadilika kifuniko kikiwa wazi, magari mengi yako hivyo. Tazama pia kama oili imezidi alama ya juu ya dipstiki. Oili iliyozidi inaweza kufika krenki inapozunguka, ikapigwa kuwa povu na kutafuta pa kutokea.

Sasa tupime ukubwa wa tatizo, maana matone sakafuni yanadanganya kote kote. Mililita moja ni matone kama 20 hadi 40. Ukiamka ukakuta matone 20, umepoteza mililita moja hivi, na kwa kasi hiyo lita moja itachukua miaka. Inatisha kwa macho, haitishi kwa hesabu. Lakini injini ikifanya kazi oili inakuwa ya moto na nyepesi, na sehemu nyingine iko chini ya presha, kwa hiyo gari linaweza kudondosha matone matatu usiku na kumwaga nusu lita safarini. Sakafu haiwezi kukuambia hayo. Anayeweza ni dipstiki. Simamisha gari mahali tambarare, zima, subiri dakika 10, futa, pima, andika kilomita. Kwenye magari mengi umbali kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja. Pima tena baada ya kilomita 500. Kama unaongeza lita moja kwa kilomita 5,000, huna dharura, una usumbufu. Unaweza kuishi nao mwaka mzima huku ukijazia, na sitakuona mzembe. Lita moja kwa kilomita 500 ni jambo la wiki hii.

Kuna uvujaji ambao sijali ni mdogo kiasi gani, siukubali. Oili inayodondokea manifodi ya ekzosi, yale mabomba ya moto yanayotoa moshi kwenye injini, inafuka moshi, inaleta harufu ya kuungua ndani ya kabini, na inaweza kuwaka. Oili inayolowesha belti ya taimingi, ile inayowianisha mwendo wa valvu na pistoni, inaozesha mpira wake, na belti ikikatika kwenye injini nyingi pistoni zinakutana na valvu, hapo hadithi yako ya matone imekuwa hadithi ya injini mpya. Oili kwenye klachi inaifanya iteleze: unakanyaga, mzunguko unapanda, gari haliongezi mwendo. Na taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi, ile yenye umbo la birika, haisemi kwamba oili imepungua. Inasema presha hakuna. Ikiwaka ukiwa njiani, zima injini papo hapo mahali salama. Usijiambie kwamba nyumbani ni karibu.

Turudi kwenye swali lako. Watu wanapima kazi kwa ugumu: bolti ngapi, saa ngapi, zana gani. Mimi napima kwa kosa. Nikikosea, nitajua kabla injini haijafa? Na kosa hilo linaweza kuniumiza mimi? Ukizipima kazi za kuvuja oili kwa maswali haya mawili, utashangaa jinsi zinavyojipanga upya.

Nikupe mfano wa aibu yangu mwenyewe. Nikiwa bado mwanagenzi nilipewa kazi nyepesi kuliko zote, kubadilisha filta ya oili. Nilifungua ya zamani, nikafunga mpya, nikawasha, nikatazama chini, pakavu. Gari likaondoka. Sikuwa nimeona kwamba raba ya filta ya zamani ilibaki imegandia kwenye injini, na mpya ikakaa juu yake. Raba mbili zilivumilia gari likiwa limesimama, presha ilipopanda barabarani zikateguka, oili karibu yote ikamwagika ndani ya dakika chache. Mwenye gari aliona taa akazima haraka. Kwa wepesi wake wa mkono injini ilipona, na mimi nikaponea kazi yangu. Tangu siku hiyo kila filta ninayoifungua naigeuza kwanza nione raba yake ipo. Kazi ya dakika 15, kosa moja lisiloonekana, injini nzima.

Linganisha na tapeti kava. Inatisha zaidi kuitazama, unafungua nusu ya juu ya injini. Lakini ukiifunga vibaya, mara nyingi kinachotokea ni kwamba itavuja tena kama ilivyokuwa inavuja, utaona, utarudia. Kosa lake linajitangaza lenyewe. Ndiyo maana kwa mtu mwenye utulivu na anayefuata maelekezo, tapeti kava ya injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja ni kazi ya kwanza nzuri sana, na kwa gari lako ndiyo ninayoishuku kabla ya sili ya nyuma.

Ukiithibitisha kuwa ndiyo, uifanye hivi. Nunua gasketi kabla ya kufungua chochote, pamoja na raba za mashimo ya plagi kama injini yako inazo. Hizo zikichakaa oili inajaa kwenye mashimo ya plagi na injini inaanza kukosa moto, kwa hiyo usiziache za zamani. Injini iwe baridi. Toa waya hasi wa betri. Piga picha kila hatua, na bolti zipange kwenye kadibodi uliyoitoboa kwa mpangilio uleule zilivyokaa, kwa sababu urefu wake haulingani kila mara. Kabla ya kukinyanyua kifuniko, safisha pembeni yake. Mchanga ukiingia humo unaenda moja kwa moja kwenye kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Kikigandia, kigonge taratibu kwa nyundo ya mpira, usikichokonoe na bisibisi, alumini inachubuka na utakuwa umejitengenezea njia mpya ya oili. Futa nyuso zote mbili mpaka kidole kisiteleze. Hapo ndipo kazi yote ilipo, na wanaoharakisha hapa ndio wanaorudia.

Silikoni ni mahali ambapo watu wengi wazuri wanaharibu. Kwenye gasketi ya raba inahitajika kidogo tu kwenye kona, pale silinda hedi inapokutana na kifuniko cha taimingi au penye umbo la nusu mwezi, tena kama kitabu cha gari kinasema. Ukizungushia silikoni pande zote, inayobaki ndani inamenyuka, inadondokea kwenye sampu na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Ya nje unaiona na kujisifu, ya ndani inanyima injini oili. Na uipe muda wa kukauka ulioandikwa kwenye bomba lake.

Kukaza ni kuanzia katikati kwenda nje, kwa raundi mbili tatu. Bolti za tapeti kava ni ndogo na mara nyingi zinahitaji Nyutoni mita (kipimo cha mkazo) 8 hadi 12 tu, nguvu unayoipata kwa spana fupi na kiganja, bila bega. Azima spana ya toki, ile inayotoa mlio ikifikia mkazo uliouweka, na utafute namba ya gari lako hasa. Kuna watu wanaona tapeti kava inavuja, wanakaza bolti zaidi, wanaondoka. Raba iliyokauka na kuwa ngumu kama plastiki haizibi kwa kubanwa. Utapasua kifuniko au utakata bolti ndani ya silinda hedi, na sasa una kazi ambayo haikuwepo asubuhi.

Usiifanye Jumapili jioni ukiwa na safari Jumatatu alfajiri. Mkono uliozoea unaimaliza ndani ya saa moja au mbili. Wewe jipe siku nzima.

Swichi ya presha ya oili nayo unaweza, ni kitu cha kufungua na kufunga, ingawa ikivuja inavujia kwenye presha kamili na haistahili kusubirishwa. Nati ya kumwagia oili inaonekana ya kitoto, lakini kumbuka kipimo changu. Ikilegea, oili yote inaondoka. Ikikazwa kwa hasira, nyuzi za sampu ya alumini zinaliwa. Weka washa mpya (kile kiduara cha kuzibia) kila mara, nati ianze kuingia kwa vidole bila kulazimishwa, kisha kaza kwa mkazo wa kitabu. Magari mengi madogo yanaangukia kati ya Nyutoni mita 25 na 40. Filta ya kuzungusha inapakwa oili kwenye raba, inazungushwa kwa mkono mpaka raba iguse, halafu inaongezwa kama robo tatu ya mzunguko. Ukimaliza washa injini iungurume dakika chache, zima, tazama, endesha mwendo mfupi, tazama tena. Kutazama mara ya pili ndiko kungeniokoa mimi siku ile.

Gasketi ya sampu inategemea gari. Kwingine sampu inashuka kwa bolti 20 hivi, kwingine kuna krosi memba (chuma kinachokatiza chini ya gari) au bomba la ekzosi katikati ya njia. Sili ya mbele ya krenki iko nyuma ya puli, na kwenye injini ya belti ya taimingi unalazimika kuitoa belti na kuirudisha kwenye alama zake. Ukikosea meno unaweza kukunja valvu mara ya kwanza unapowasha. Hilo ni kosa lisilojitangaza, linaua papo hapo. Mwachie fundi, na mwambie abadilishe belti yenyewe akiwa huko.

Sasa sili ya nyuma, kama kweli ni yenyewe. Ni raba ya duara, nyepesi, unaibeba kwa vidole viwili, na thamani ya kazi yote iko kwenye kuifikia. Injini lazima ishikiliwe kwa juu, shafti za magurudumu zichomoke, giaboksi ishuke, klachi na flaiwili (gurudumu zito lililofungwa nyuma ya krenki) zitoke. Giaboksi ya gari dogo inaweza kuwa na uzito wa kilo 40 au zaidi, na inachomoka kwa pembe isiyo ya kawaida ukiwa umelala chali. Video haikuonyeshi kwamba yule jamaa ana lifti au jeki ya giaboksi na mwenzake anayeshika upande wa pili. Kisha sili yenyewe inatakiwa iingie wima, kina sawa pande zote, mdomo wake usikunjike unapopita kwenye krenki. Ikiingia upande inavuja tena, na ili ujue hilo utakuwa umeshafunga kila kitu. Kwa maswali yangu mawili inaanguka yote. Kosa linaonekana ukiwa umechelewa, na uzito ule ukikuponyoka unaangukia kifua. Kwa zana ulizonitajia, jibu ni hapana, na sibadilishi kwa sababu una wikendi huru.

Hapo nigusie kitu kilichonisumbua kwenye barua yako. Umetaja jeki iliyokuja na gari, hukutaja stendi, vile vyuma vya kushikilia gari likiwa juu. Ile jeki imetengenezwa kwa ajili ya kubadilisha tairi, wewe ukiwa pembeni. Inanyanyua, haishikilii. Usiingie uvunguni gari likiwa juu yake, hata kwa kuchungulia, hata kwa dakika moja, na tofali au kipande cha mbao kilichosimamishwa vilevile si stendi. Stendi mbili za chuma juu ya sakafu ngumu na tambarare, vizuizi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, breki ya mkono, na ulitikise gari kwa nguvu kabla ya kuingia. Kazi ya kuosha na kutafuta chimbuko karibu yote inafanyika kutoka juu, kwa hiyo huna sababu ya kuharakia uvunguni. Ukimwaga oili, isiwe imetoka tu barabarani, hapo inaweza kufika nyuzi joto 100. Vaa glavu pia. Oili iliyotumika si nzuri kwa ngozi ikiizoea miaka na miaka, na mikono yangu haiwezi kukuficha hilo. Iweke kwenye dumu yenye kifuniko uipeleke kwa wanaokusanya, mtaroni isiende.

Utakutana na wauzaji wa dawa za kuziba. Zile zinazotiwa kwenye oili hufanya raba za sili zivimbe na kulainika kidogo, na kwa sili iliyokauka inayotoa jasho zinaweza kupunguza matone kwa muda. Kwa gasketi iliyokatika hazifanyi kitu. Mimi nazichukulia kama kununua subira. Kuhamia oili nzito zaidi kunaruhusiwa ndani ya madaraja yaliyotajwa kwenye kitabu cha gari tu, kwa sababu injini nyingi za sasa hutumia presha ya oili kusogeza kamshafti na haziifurahii oili nzito. Na ukisikia ushauri wa kutia mafuta ya breki ndani ya oili ya injini ili sili zivimbe, mshukuru aliyekupa na uondoke. Yatazivimbisha kweli, kisha yataziozesha zote, hata zile ambazo hazikuwa na kosa.

Kwa hiyo Jumamosi hii osha, pima valvu ya kupumulia, andika kilomita na ilipo oili kwenye dipstiki. Jumamosi ijayo tafuta unyevu mpya kuanzia mgongo wa tapeti kava. Ukiukuta huko, kazi ni yako. Ukikuta juu kote pakavu, ubavu wa bloku pakavu, na oili mbichi inatokea kwenye tundu la chini la nyumba ya klachi, basi yule fundi alikuwa sahihi, mrudie. Mwambie umeosha na ulichokiona, na umuulize hali ya diski ya klachi kabla hajaanza. Kwa kilomita 168,000, kama bado ni ileile ya mwanzo, ibadilishwe giaboksi ikiwa chini, pamoja na sili ya giaboksi yenyewe, ili isishushwe tena mwakani kwa ajili ya vitu ambavyo mkono ulikuwa umeshavifikia.